Ngamia saba kwenye mkeka

Saa saba ya mchana ya Garissa si saa saba ya mahali pengine. Njia ya sokoni hubaki tupu, mbuzi hujibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na hata wale korongo wakubwa walioufanya mji huu kuwa wao hutulia juu ya miti. Chini ya paa la mabati, mtu mzima hutafuta kitu kimoja tu: sakafu yenye ubaridi. Mtoto mdogo hatafuti ubaridi. Yeye hutafuta kazi.

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Feni imesimama, simu imezima, na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi tisa alikuwa keshamwaga unga, keshavuta pazia likaja na fimbo yake, keshalia, keshanyamaza na kuanza upya. Mimi, mzaliwa wa Lamu niliyeletwa huku na kazi ya mume, nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango nikingoja upepo ambao haukuwa na nia ya kuja.

Jirani yangu alipiga hodi akiwa tayari yumo ndani. Ni bibi wa Kisomali ambaye watoto wote wa ploti yetu humwita Ayeeyo, yaani nyanya, nasi wakubwa tukafuata. Ncha ya mtandio wake ilikuwa na fundo. Akalifungua, zikatoka kokoto saba, kila moja kubwa kama yai. Akazipanga mkekani, akamwambia mwanangu kwa Kiswahili chake cha Garissa: "Hii ngamia yangu. Wewe chunga. Moja ikipotea, nakuja kwako."

Kisha akajilaza ubavu, akaegemeza kichwa kiganjani. Kwa karibu nusu saa kazi yake yote ilikuwa kutoa sentensi moja kila baada ya muda. "Huyu mekunywa maji?" Mtoto akaibeba kokoto hadi kwenye kikombe. "Huyu mweupe, mama yake nani?" Mtoto akazitazama zote sita, akachagua moja, akaziweka pamoja. Ayeeyo hakuinuka hata mara moja. Nami, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, nikanyoosha miguu.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mzazi wa aina yangu: aliyechoka, asiye na pesa za vichezeo wala nafasi ya kuvitandaza, na anayeishi mahali ambapo jua huwafungia watu ndani tangu saa tano hadi saa kumi. Nimejifunza kwamba mtoto wa umri huo hahitaji nguvu zangu. Anahitaji vitu vitano sita vya nyumbani, na neno langu moja moja.

Mifugo ya kwanza

Ayeeyo alizaliwa kwenye aqal, ile nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka ambayo wanawake wa wafugaji huijenga wao, huibomoa wao na kuipakia juu ya ngamia familia inapohama. Anasema tangu anasimama dede alikuwa na mifugo yake. Kokoto kubwa zilikuwa ngamia, ndogo zilikuwa mbuzi, na zizi lilikuwa duara la vijiti. Nje ya zizi alisimamisha aqal ya kimo cha kiganja, na ndani yake akalaza mtoto wa kitambaa. Hakuna aliyemnunulia lolote kati ya hayo, wala hakuna aliyeuita huo mchezo wa kukuza akili. Lakini siku alipotumwa kwa mara ya kwanza kuchunga wanambuzi, tayari alijua kuhesabu, kutenga wakubwa na wadogo, na kwamba mtu halali kundi lisipotimia.

Wakishakua kidogo, watoto wa Kisomali hucheza gariir, ndugu wa mdako wetu wa pwani: jiwe moja linarushwa juu, mengine yanakusanywa kabla halijatua. Wenye ndevu nao wana shax, wakichora miraba mchangani chini ya mti na kuhamisha mawe kwa mahesabu yanayoweza kumaliza alasiri nzima. Ukitazama vizuri utaona kokoto ndiyo imemlea mtu wa ukanda huu tangu mkekani hadi barazani.

Leo wengi wetu Garissa, Wajir na Mandera tunaishi kwenye ploti: chumba na sebule, ua wa saruji, geti la chuma. Misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilimaliza mifugo mingi na kuzisukuma familia kutoka malishoni hadi pembeni mwa miji. Wakubwa walipoteza ngamia wa kweli. Wadogo wakapoteza wa kokoto, kwa sababu mama aliye mbioni kutafuta riziki mjini hana tena muda wa kukaa chini ya mti kuwauliza kama wamekunywa maji.

Hatua ya tisa

Kuna watu watakaosema mchezo ni anasa, na kwamba kwetu shida ni chakula na maji. Nilikuwa mmoja wao hadi niliposoma habari ya Kingston, Jamaika.

Mwaka 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha huko watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi tisa hadi 24. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaa, saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kimojawapo. Mhudumu hakuja na kitu cha dukani. Alileta vichezeo vilivyotengenezwa kwa chupa, makopo na vipande vya mbao, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe na kumsemesha huku wanacheza. Watoto hao walipotafutwa tena miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2014. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo.

Haina maana kwamba mchezo unashibisha. Maana yake ni kwamba chakula hujenga mwili ambao bado unangoja mtu wa kuusemesha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linalijua hilo hata wodini. Mwongozo wake wa mwaka 2003 wa kuwatibu hospitalini watoto wenye utapiamlo mkali una hatua kumi. Miongoni mwake mna kumpasha mtoto joto, kurekebisha sukari na maji mwilini, kumlisha kwa uangalifu, na hatua ya tisa ni upendo na mchezo: robo saa hadi nusu saa ya kuchezeshwa kila siku. Mwongozo huo unaeleza hata vya kutengeneza: chupa pana ya kutumbukizia vitu, makopo yanayoingia moja ndani ya jingine, kayamba, ngoma ya kopo, mwanasesere wa kitambaa. Yote hayo yanapatikana kwenye ploti yoyote ya mji huu bila kutoa hata shilingi.

Siku moja na saa zake

Asubuhi, kabla jua halijachachamaa, ndiyo zamu ya nje. Mpe mtoto kikombe kimoja cha maji na brashi kuukuu, au kishada cha vijiti vya ufagio, apake ukuta wa saruji. Atachora mstari wa maji, atarudi nyuma kuutazama, na kabla hajamaliza kuushangaa utakuwa umekauka. Hapo ataanza upya. Sijaona mahali ambapo mchezo huu unanoga kuliko Garissa, kwa kuwa jua lenyewe ndilo linalofuta ubao. Mwanangu amewahi kuupaka mlango mmoja wa bati mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, nami nikafua nguo zote za wiki pembeni yake.

Sisi wa huku tunaopata maji ya mto Tana tunaweza kuthubutu hivyo. Wajir, ambako wengi hutegemea visima, kikombe cha maji kina hesabu yake. Basi tumia mchanga mkavu: sinia, kijiko, chujio la chai na vikombe viwili. Mtoto atachota, atamimina, atachuja, na vipunje vikubwa vikibaki juu ya chujio atakuita uje uone. Wewe sema tu, "Vikubwa vimekataa kupita." Amepata neno jipya, na hukuinuka.

Adhuhuri tunaingia ndani. Hapa ndipo pana ile chupa ya kutumbukizia. Mimi hutumia chupa ya plastiki isiyo na kifuniko na vibanio vya nguo. Siku ya kwanza mwanangu alikisukuma kibanio kwa upana, kikagoma mdomoni mwa chupa. Akakigonga. Akakitia kinywani, akakitoa, akakitazama kana kwamba kimemkosea adabu. Kisha kiganja kikageuka kidogo, labda kwa bahati tu, kibanio kikasimama wima, kikateleza ndani na kulia ko! Alinitazama mimi kwanza, si chupa. "Kimeingia," nikasema. Cha pili kikaingia kwa majaribio matatu. Cha tano hakikuhitaji majaribio. Kutoboa siri ya namna hiyo kwa mkono wako mwenyewe hakufundishwi na mtu.

Kwa mtoto anayekaa lakini bado hajatembea, jaza kikapu. Elinor Goldschmied, mlezi wa Uingereza aliyetumia maisha yake kuwatazama watoto wachanga, alikiita kikapu cha hazina: vitu halisi vya nyumbani, visivyo vya plastiki, vyenye uzito, harufu na baridi tofauti, na mzazi ameketi karibu bila kuingilia. Changu kina mwiko, kijiko cha bati, kifumbu cha kuchujia tui nilichokuja nacho kutoka Lamu, kata ya kifuu na ndimu nzima. Ayeeyo akaongeza kifuniko cha chombo cha maziwa cha kusukwa, ambacho kina harufu ya moshi hadi leo ingawa ni miaka mingi hakijatiwa maziwa ya ngamia. Ndicho kinachonuswa zaidi. Kila siku chache toa viwili, tia viwili vingine, na kikapu kinakuwa kipya.

Kisha kuna aqal ya leso: leso moja juu ya viti viwili, basi. Atatoka, ataingia, atakuita, atakufungia nje. Muulize ana chai. Atakuletea kikombe kitupu, unywe, usifu. Saa nyingine ukimya wa ghafla humo ndani ni habari njema, maana kalala.

Alasiri wageni wakija, mlango hujaa champali. Usizipange. Mwambie mtoto azitafutie wenzake. Mwaka wa pili anaweza kuleta moja na kuiweka karibu na nyingine yoyote. Mwaka wa tatu ataona ya baba hailingani na ya mgeni. Mtoto wa umri huu hupenda kutumwa kuliko kupewa. "Mpelekee baba kofia," "Niletee kitunguu," "Tia hii kwenye karai." Kwake huo ni mchezo, na ameshaingia kwenye hesabu ya watu wa nyumba.

Zamu ya baba

Baada ya maghrib baba hurudi amechoka, na mchezo wa baba aliyechoka ni mmoja: alale chali mkekani awe mlima, au apige magoti awe ngamia. Mtoto atapanda, atateleza, atapanda tena. Wanaoona haya kuchezewa hivyo wakumbuke kisa kinachosimuliwa misikitini cha Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporefusha sijida yake kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha.

Nalitaja hilo kwa makusudi. Huku kwetu mtoto huanza duksi, yaani chuo cha Kurani, mapema, na wapo wanaohofu kwamba mchezo utamtia uvivu wa kusoma. Lakini ule mkono utakaoshika loox, ubao wa kuandikia aya, ndio huu unaogeuza kibanio kiingie chupani. Sikio litakalohifadhi ndilo hili linalosikia "kow, laba, saddex" kokoto zikihesabiwa. Tangu katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, nasi tuna haki ya kudai madarasa na walimu. Lakini mtoto huingia huko akiwa na miaka minne. Ile ya kabla yake ni ya mkeka wa nyumbani.

Usiku, taa zikipungua, hakuna haja ya kitu chochote. Sisi wa pwani tunafungua kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", Ayeeyo hufungua kwa "Sheeko, sheeko." Mtoto wa miaka miwili hafuati kisa, ila hufuata zamu: wewe uite, yeye aitike. Hapo anajifunza kwamba maneno hutoka na kurudi.

Vya kuwekwa juu ya kabati

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema umnyime. Chochote kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto, kisichezewe na mtoto wa chini ya miaka mitatu: vizibo vya soda, shanga, kokoto ndogo za gariir, na hasa betri bapa za saa na rimoti, ambazo zikimezwa huunguza koo kutoka ndani. Maji ya mchezo yamwagwe mchezo ukiisha, kwa kuwa beseni lenye maji ya kimo cha kiganja linatosha kumzamisha mtoto wa dede. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Jiko na birika la chai viwe mbali na mkeka.

Na huku kwetu pana viwili zaidi. Kwanza ni mathenge, kile kichaka kilichoteka kingo za barabara na mashamba: mwiba wake hupenya soli ya champali, kwa hiyo uwanja ukaguliwe kabla miguu mitupu haijashuka. Pili ni nge. Mawe na viatu vilivyolala nje vigeuzwe na mkubwa kwanza. Ayeeyo hupiga kokoto zake mbili mbili chini kabla ya kuzifunga mtandioni, na sasa najua kwa nini.

Simu na saumu yake

Sitajifanya mtakatifu. Simu ninayo, na katuni zimewahi kuniokoa kwenye foleni ya kliniki. Lakini WHO, katika mapendekezo yake ya mwaka 2019, ilisema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri. Ilisema pia kwamba wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kushughulisha mwili kila siku. Dakika hizo hutisha zikiandikwa hivyo. Zigawe: ukuta wa maji asubuhi, champali alasiri, mlima wa baba usiku, na kukimbizana huku na huko katikati yake. Zimetimia bila mtu kuziangalia kwenye saa.

Tofauti niliyoiona mimi ni ndogo na inatosha. Simu humnyamazisha mtoto, na ukiichukua hulia. Kokoto hazimnyamazishi. Humfanya aseme, na akizichoka huziacha mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani uliopita, nikiwa na saumu na kiu, sikuwa na pumzi ya kuimba wala kukimbia. Nililala ubavu kama Ayeeyo, nikatoa sentensi zangu moja moja. Mchana ukapita.

Jioni ya ile siku ya kwanza, stima iliporudi na feni ikaanza kuzunguka, nilikusanya mkeka na kuhesabu ngamia. Sita. Nikainua mito, nikatazama chini ya kiti, nikakung'uta viatu. Mtoto naye akawa anatafuta, mikono mgongoni kama mzee wa mtaa. Tukalala kundi halijatimia.

Asubuhi Ayeeyo akapiga hodi yake ya kuingia. "Hooyo," akaniita, yaani mama, kwa kuwa mama wa Kisomali humwita mwanawe hivyo, kama sisi Lamu tunavyomwita binti mdogo "mamangu". "Ngamia moja amekuja kwangu usiku. Amefuata kivuli." Huenda mwanangu ndiye aliyempeleka. Huenda Ayeeyo mwenyewe alimchukua akienda zake. Sikuuliza, kwa kuwa alikuwa amekwisha chuchumaa mkekani na kufungua fundo la mtandio mbele ya mtoto. Ndani mlikuwa na kokoto mbili: ile iliyopotea, na nyingine nyeupe, mpya, ndogo kidogo kuliko wenzake.

"Amezaa," akasema.

Mwanangu akaziinua zote mbili, akazitazama, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kikombe kuwanywesha maji.